Nusu Sekunde ya Wimbo: Sikio Linashika Nini, na Kipande Kikatwe Wapi

Dijei wa kafunda, baa ndogo ya mtaani, anabonyeza kitufe, spika inatoa mlio mfupi kuliko chafya, na kabla mwandika alama hajainua kalamu, mtu wa meza ya nyuma keshataja wimbo na mwimbaji. Wenzake wanamshuku: ama kaiona orodha, ama ana jini. Hana orodha wala jini. Anachokifanya kinaelezeka, na anayekielewa ataandaa mchezo huu wa kutaja wimbo kwa kipande kifupi bila ugomvi, iwe ni kwenye klabu ya Kampala, harusini Mbale au kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa Arua.

Wengi hudhani kinachotambulika ni tuni ya wimbo. Tupige hesabu. Wimbo wenye midundo 100 kwa dakika hupiga mdundo mmoja kila sekunde 0.6, kwa hiyo kipande cha nusu sekunde hakimalizi hata mdundo mmoja. Ndani yake mna noti moja, pengine mbili, na silabi moja au mbili za mwimbaji. Zipige noti hizo hizo kwenye kinanda umsikilizishe yule yule wa meza ya nyuma, naye atakutazama tu, kwa sababu noti hizo mbili zimo katika maelfu ya nyimbo. Tuni haijapata nafasi ya kuanza. Mdundo nao haujapata nafasi ya kujirudia, na mdundo usiojirudia hauhesabiki. Kinachobaki ni rangi ya sauti.

Rangi ya sauti ni ile tofauti unayoisikia gitaa na kinanda vinapopiga noti moja kwa nguvu moja. Ndiyo inayokuwezesha kumjua shangazi yako kwenye simu kwa "haloo" peke yake. Katika wimbo uliorekodiwa, rangi hiyo haitoki kwenye ala tu. Imo maikrofoni iliyotumika, umo mwangwi waliouongeza studio, imo ngoma ya kompyuta aliyoichagua prodyuza, na imo namna sauti ya mwimbaji ilivyobanwa ili isikike juu ya vyombo. Vyote hivyo vikichanganywa, kila rekodi hupata harufu yake, kama pilau ya nyumba mbili isivyonukia sawa hata viungo vikiwa vile vile. Sikio hunusa kwanza, kula baadaye.

Majaribio yanasema nini

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 Glenn Schellenberg na wenzake walichukua nyimbo tano zilizokuwa zikivuma, wakazikata vipande vya milisekunde 200 na vya milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wasikilizaji walipewa majina ya nyimbo hizo tano, kazi yao ikawa kuoanisha kipande na jina. Hata kwa milisekunde 100 walipatia kuliko mtu anayebahatisha. Kwa 200 walipatia zaidi.

Sehemu tamu ya jaribio hilo ni walipoanza kuviharibu vipande. Walivicheza kinyumenyume, watu wakapotea, ingawa noti zilikuwa zile zile. Waliondoa sauti za juu wakabakiza besi, watu wakapotea tena. Lakini walipoondoa za chini wakabakiza za juu, watambuzi hawakutikisika. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji tukifika kwenye spika.

Mwaka 2010 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwapa watu kazi ngumu zaidi: vipande vya milisekunde 400, bila orodha ya kuchagulia. Zaidi ya mara moja katika kila nne, walitaja jina la wimbo na la mwimbaji vyote viwili. Waliposhindwa kutaja, bado waliweza kukisia wimbo ni wa mtindo gani na wa miaka ipi. Kisha mwaka 2019 watafiti wa London walipima mboni za macho na umeme wa ubongo wa watu 10 waliochezewa vipande vya wimbo wanaoupenda vikiwa vimechanganywa na vya wimbo wasioujua. Tofauti ilianza kuonekana kati ya milisekunde 100 na 300 tangu sauti ianze. Mboni inatanuka kabla mdomo haujafunguka.

Kujua si kutaja

Hapa ndipo waandaaji wengi huteleza. "Unaujua wimbo huu?", "Ni upi kati ya hizi nne?" na "Taja jina lake" ni maswali matatu tofauti, na kila moja linataka urefu wake wa kipande.

La kwanza ndilo jepesi: mwili unakujibu kwa sehemu ndogo ya sekunde, unahisi tu kwamba hiki unakijua. La pili linahitaji zaidi kidogo, lakini orodha inasaidia, kwa kuwa ubongo unalinganisha sauti na majina manne badala ya maktaba nzima. La tatu ndilo linaloumiza. Wimbo unaujua, kiitikio unaweza kukiimba, mwaka ulipovuma unaukumbuka, na jina liko mdomoni halitoki. Sikio halijashindwa. Lililokwama ni jina, kwa sababu jina limehifadhiwa kama neno, nalo halikuunganishwa vizuri na sauti ile.

Kwetu Uganda tatizo hili ni kubwa kuliko waandaaji wanavyodhani, maana nyimbo nyingi watu huziita kwa neno la kiitikio na si kwa jina alilolisajili mwimbaji. Mtu wa Koboko asiyejua Luganda, anayeufahamu wimbo wa Kiganda kwa kuusikia ndani ya taksi anaweza asijue hata neno moja la kichwa chake, ila anaujua kabisa. Ukimnyima alama utakuwa umempima Luganda, si masikio. Karatasi ya majibu iwe na jina rasmi, jina la mtaani na maneno matano ya kiitikio. Atakayeimba mstari sahihi apewe alama kamili au nusu, lakini uamuzi huo utangazwe kabla ya wimbo wa kwanza.

Kipande kikatwe wapi

Watu hubishana kuhusu urefu: sekunde moja, mbili, nusu? Mahali pa kukata huamua mengi kuliko urefu. Milisekunde 400 za kiitikio zikiwa na sauti ya mwimbaji zinaweza kuwa rahisi kuliko sekunde tatu za mwanzo wa ala. Sababu ni ile ile: sauti ya mtu ndiyo rangi tunayoisoma haraka kuliko zote. Jose Chameleone ana ule mkwaruzo wa kooni, na anachanganya Kiswahili na Luganda. Silabi mbili zake zinatosha kwa yeyote aliyekulia na redio za FM. Ala pia inaweza kubeba jina la mwenyewe: saksafoni ya Moses Matovu wa Afrigo Band, bendi iliyopo tangu 1975, wazee huitambua ikivuta pumzi tu. Lakini ni ala chache zenye bahati hiyo.

Mwanzo wa wimbo ni mgumu lakini ni wa haki, kwa kuwa hakuna anayeweza kulalamika kwamba umemtegea. Heardle, mchezo wa intaneti uliovuma mwaka 2022, uliutumia mwanzo wa wimbo peke yake. Mchezaji alisikia sekunde 1, akikosa au akiruka anapata 2, kisha 4, 7, 11 na mwisho 16. Zitazame namba hizo: nyongeza ni 1, 2, 3, 4, 5. Hazikupangwa ovyo. Sekunde ya kwanza inakupa rangi yote kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo unachongojea ni vitu vinavyochelewa, yaani mdundo ujirudie, tuni igeuke, mwimbaji aingie. Mwenye kukosa kwa sekunde 4 hafaidiki na ya 5, anahitaji kusogea hadi kitu kipya kitokee. Kampuni ya Spotify iliununua mchezo huo Julai 2022 na kuufunga Mei 2023, lakini ngazi yake bado ni nzuri kuiga hata kwa simu na spika moja.

Kwa mchezo wa kwenye hadhara, vipimo hivi vinafaa kuanzia: nusu sekunde ikiwa umekata kwenye kiitikio penye sauti ya mwimbaji; sekunde 1 hadi 1.5 ikiwa ni mwanzo wa ala wenye kitu cha pekee. Sekunde 3 ikiwa ni ubeti wa katikati. Ukiona washindani ni wakali, usikimbilie kufupisha, hamisha mahali. Kutoka kiitikio kwenda ubeti wa pili ni ugumu wa kweli. Kutoka nusu sekunde kwenda robo ni bahati nasibu tu.

Mitindo mingine haikubali sheria hizo. Kadongo kamu, kigitaa kimoja kama jina lenyewe linavyosema, ni mtindo wa kusimulia. Gitaa linashika mwendo mmoja na kuurudia dakika nyingi, hadithi ndiyo inayokwenda. Kata sekunde moja ya Paul Kafeero na mzee atakuambia mara moja "huyu ni Kafeero", lakini wimbo upi, hapana, mpaka asikie maneno. Kwa mtindo huu ama uulize mwimbaji tu, ama utoe sekunde 4 zenye mstari mzima. Kidandali, pop ya Uganda ya kuchezea, ina shida nyingine: vinanda na ngoma za kompyuta zimefanana sana kati ya wimbo na wimbo, hasa zikitoka studio moja, na hapo kipande cha ala tupu kinamtaja prodyuza kuliko mwimbaji. Ragga na dancehall ndiyo zaidi, maana biti moja huimbiwa na waimbaji hata kumi. Ukikata mwanzo wa biti ya namna hiyo, majibu sahihi ni kumi, na ugomvi ni mmoja mrefu.

Amadinda inastahili kutajwa peke yake. Marimba hayo ya Buganda yana vibao 12. Wachezaji wawili wanaketi pande mbili na kupishana noti kwa noti, okunaga na okwawula, huku wa tatu akipiga vibao viwili vya mwisho vya juu. Kasi ni kubwa mno, kiasi kwamba nusu sekunde inabeba noti nne au zaidi, zote zenye nafasi sawa kati yao. Ajabu yake ni kwamba tuni unayoisikia hakuna mchezaji mmoja anayeipiga. Inazaliwa sikioni mwa msikilizaji kutokana na mpishano ule, nayo inahitaji muda izaliwe. Kwa kipande kifupi kila mtu atasema "amadinda", na hakuna atakayesema wimbo gani. Itumie kama swali la kutaja ala, basi.

Tahadhari moja kuhusu sahihi za maprodyuza, yale majina yanayotamkwa mwanzoni mwa wimbo. Wengine huyaacha wakidhani ni msaada kwa washindani. Yanapotosha zaidi ya kusaidia: mshindani anasikia jina la studio na kutaja wimbo mkubwa wa mwisho uliotoka huko. Ruka sahihi, anza baada yake.

Kukata bila kuharibu

Kwanza pata faili safi. Wimbo uliotoka kwenye mikisi ya dijei una sauti yake juu, na mara nyingi umeharakishwa ili ulingane na unaofuata. Harakisha wimbo kwa asilimia 6 bila kukishikilia kimo chake, na utakuwa umeupandisha karibu nusu toni nzima. Watu wa kawaida, hata wasiojua kusoma noti, hukumbuka nyimbo wanazozipenda karibu na kimo chake halisi, hivyo wimbo uliopandishwa unawafanya wasite bila kujua kwa nini. Sauti iliyonyofolewa kwenye video nayo ina mtego: video nyingi huanza na igizo, mlango unafungwa, gari linapita, mtu anagombana na mkewe. Huo si mwanzo wa wimbo.

Audacity, programu ya bure ya kompyuta, inatosha kwa kazi yote. Fungua wimbo, na kabla hujakata chochote, sawazisha ukubwa wa sauti wa wimbo mzima. Mpangilio huu una sababu. Kipimo cha kisasa cha ukubwa wa sauti huhesabu kwa vipande vya milisekunde 400, kwa hiyo kipande kifupi kuliko hapo hakipimiki sawasawa, na programu itakipandisha au kukishusha ovyo. Sawazisha nyimbo zote kwenye namba moja, LUFS -16 (LUFS ndiyo kipimo hicho) inafaa kwa spika za kawaida, halafu ndipo ukate. Ukiacha hatua hii, rekodi za miaka ya 1980 zitasikika kwa mbali na za mwaka huu zitapiga kelele, na washindani watajua umri wa wimbo kabla hawajaujua wimbo.

Sasa vuta picha ya sauti mpaka uone mawimbi moja moja. Utagundua nyimbo nyingi huanza na ukimya, wakati mwingine robo ya sekunde au zaidi. Kwenye wimbo mzima haionekani. Kwenye kipande cha nusu sekunde umekula nusu ya swali. Faili za MP3 huongeza ukimya wao wenyewe mwanzoni, kiasi cha milisekunde 25 hivi, kutokana na namna zinavyofungwa. Weka alama ya kuanzia milisekunde 5 hadi 10 kabla sauti haijapanda. Usiikate ile pigo ya kwanza! Mwanzo wa noti, pale kidole kinapogusa uzi au kiganja kinapotua kwenye engalabi, ile ngoma ndefu, ndipo penye habari nyingi kuhusu ala. Gitaa lililonyofolewa mwanzo wake linaweza kudhaniwa kinanda, na huenda ndiyo sababu mojawapo vipande vilivyogeuzwa nyuma viliwapoteza watu wa mwaka 1999.

Chagua urefu unaotaka, kisha bonyeza herufi Z ili kingo zisogee mahali wimbi linapokatiza sifuri, yaani mstari wa katikati. Kingo zikiachwa juu ya wimbi, spika inaruka ghafla na kutoa "tak!" Kwenye wimbo mrefu mlio huo haudhuru, kwenye nusu sekunde unakuwa kama ngoma ambayo haimo wimboni. Ongeza mpando wa sauti wa milisekunde 5 mwanzoni na mfifio wa milisekunde 20 mwishoni. Usizidishe. Mpando wa milisekunde 50 unafuta ile pigo ya kwanza uliyohangaika kuihifadhi.

Hifadhi kama WAV, faili lisilobana sauti. MP3 hufunga sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,152, ambayo kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 26 kila fungu, kwa hiyo programu zinazokata MP3 moja kwa moja bila kuifungua zinakata kwenye mpaka wa fungu, si pale ulipoweka alama. WAV ya nusu sekunde ni chini ya kilobaiti 100, haimalizi bando la mtu. Ikiwa mchezo ni wa WhatsApp, ambatisha faili kama hati, usiweke simu mbele ya spika ukarekodi ujumbe wa sauti. Ujumbe wa sauti umetengenezwa kwa maongezi: unabana sana, unapunguza sauti za juu, na simu inajitahidi kuondoa kile inachodhani ni kelele, ambacho safari hii ni muziki wako.

Kwa kila wimbo tengeneza faili tatu au nne za ngazi, zote zikianzia alama ile ile, na moja ndefu ya kufichulia jibu. Zipe namba, usizipe majina. Kioo cha kompyuta kinaonekana kutoka meza ya mbele kuliko mwandaaji anavyodhani.

Spika inayokula swali

Spika ndogo za Bluetooth hulala zikikaa kimya, ili kutunza betri. Ukibonyeza kipande, zinaamka na kumeza mwanzo wake, na penye nusu sekunde watu husikia mkia au hawasikii kitu. Dijei anaongeza sauti, anarudia, safari hii spika iko macho na kipande kinasikika kizima, na meza moja inadai wenzao wamesikilizishwa mara mbili. Dawa ni kuweka ishara mbele ya kila kipande ndani ya faili lenyewe: mlio wa kengele, ukimya wa sekunde 1, kisha swali. Kengele inaiamsha spika, na inawaamsha watu pia, kwa sababu kipande kifupi kikimkuta mtu anatafuna roleksi, chapati ya mayai, kimempita. Kama una waya, tumia waya.

Bluetooth huchelewesha sauti pia, mara nyingi milisekunde 100 hadi 300. Kwa mchezo wa kunyoosha mkono haina neno, wote wanacheleweshwa sawa. Ikiwa simu za washindani ndizo zinazohesabu nani kabonyeza kwanza, kila moja na kisikizi chake, basi mwenye kisikizi cha waya kashashinda kabla hajaanza.

Sasa lile jambo la sauti za juu. Watu hudharau spika ya simu kwa kukosa besi. Ni kweli, chini ya Hertz 200 au 300 simu haitoi kitu cha maana, na wimbo wa amapiano ukicheza humo ile besi yake ya kugonga inapotea karibu yote. Lakini kumbuka: walioondolewa besi hawakutikisika. Spika mbaya kwa mchezo huu ni lile sanduku kubwa ambalo spika yake ndogo ya juu iliungua siku nyingi na hakuna aliyegundua kwa sababu bado linatikisa meza. Humo hubaki ngurumo, na nyimbo zote zinakuwa ndugu. Njia ya kulijaribu: cheza wimbo wenye ensaasi, zile kayamba za kibuyu. Zikisikika kama mchanga unaomwagika, sanduku ni zima. Zikisikika kwa mbali kama nyuma ya blanketi, litafutie lingine, hata simu mbili zilizowekwa kwenye bakuli ni afadhali.

Kanuni za mezani

Bila adhabu ya kukosea, mchezo unageuka mnada wa majina. Mtu anasikia ngoma moja ya kompyuta na kurusha majina matatu ya nyimbo zinazovuma, akitumaini. Mpango unaofanya kazi: ngazi ya kwanza alama 5, ya pili 3, ya tatu 2, ya nne 1, jibu moja kwa kila timu kwa kila ngazi, atakayekosa anakaa nje ngazi inayofuata. Kipande kichezwe mara mbili, si zaidi, na mara zote mbili kabla ya jibu lolote. Marudio ya pili yana faida ya kweli, maana ya kwanza mara nyingi hutumika kugundua kwamba kitu kimesikika.

Orodha ya nyimbo 20 inatosha saa moja. Changanya umri na chimbuko. Kampala na Arua hazina masikio mamoja: kule West Nile, upande wa Arua, magitaa ya Kongo yanatambulika kwa haraka ambayo ingeshangaza watu wa Ntinda jijini Kampala, na mipakani Busia nyimbo za Kenya na Tanzania ni za nyumbani. Nyimbo za Philly Lutaaya, aliyefariki Desemba 1989, zinawapa walio na miaka 40 na zaidi nafasi ya kuwanyamazisha vijana mara mbili tatu, jambo linaloifanya jioni ichangamke. Zijaribu nyimbo zote kwa watu watatu wasioshiriki. Wimbo ambao wote watatu wameutaja kwenye ngazi ya kwanza, hamisha mahali pa kuukata. Ambao hakuna aliyeutaja hata baada ya kusikia kiitikio kizima, uondoe, haijalishi wewe unaupenda vipi.

Simu za kudanganyia hazina tishio kubwa kama watu wanavyohofia. Programu ya kutambua nyimbo kama Shazam, iliyoanza Uingereza mwaka 2002 kwa kupiga namba 2580 na kuielekeza simu kwenye muziki, hutafuta vilele vya nguvu katika sauti, kuviunganisha viwili viwili kwa kimo na umbali wa muda kati yao, na kulinganisha michoro hiyo na hifadhi yake. Mchoro huo unahitaji sekunde kadhaa ili uwe na vilele vya kutosha. Nusu sekunde katikati ya kelele za klabu haiutoshi. Kwenye ngazi za mwisho ndefu, ndiyo, hapo simu ziwekwe mezani kifudifudi.

Neno kuhusu haki za wasanii, kwa kuwa kuna dhana inayozunguka kwamba sekunde kadhaa za wimbo ni za bure. Sheria ya Uganda ya hakimiliki ya mwaka 2006 haina namba hiyo. Inaangalia namna kazi inavyotumika, si saa ya ukutani. Ukumbi unaocheza muziki hadharani kibiashara unatakiwa kuwa na leseni, nayo hutafutwa kwa jumuiya ya wasanii ya UPRS. Kipande kifupi hakibadilishi hilo, hasa kwa kuwa mwisho wa kila swali utacheza kiitikio.

Nacho kiitikio ukicheze, sekunde 20 nzima, hata muda ukibana. Meza iliyokosa haitaridhika na karatasi yako ya majibu. Inataka kuusikia ule mlio wa nusu sekunde ukipita mahali pake ndani ya wimbo, ili mtu agonge paji la uso na kusema alikuwa anaujua. Kwa hiyo faili la kufichulia lianzie sekunde chache kabla ya mahali ulipokata, lisianzie pale pale.